Glasi Nne Mezani: Kujua Kilichomo Ndani ya Maji

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu mstaafu wa sayansi ya shule za msingi, siku vikundi vyetu vya upande wa Bonde la Ufa vilipokutana kuzungumza juu ya maji. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Asanteni kwa chai. Chai hiyo nitairudia baadaye, kwa maana inahusu kazi yetu ya leo.

Niliambiwa nizungumze kwa nusu saa juu ya michanganyiko. Mtu mmoja pale mlangoni aliniuliza, "Mwalimu, sisi tuna shida ya maji, wewe unatuletea somo la darasa la sita?" Nikamjibu, ndiyo, hilo hilo la darasa la sita. Kuna kikundi hapa ambacho kimeweka pesa mwaka mzima kununua mapipa, mchanga na kokoto watengeneze chujio la maji ya kisima chao kirefu. Kabla hawajazitoa pesa hizo, nataka tuulize swali moja tu: kile mnachotaka kukitoa ndani ya maji, kimechanganyika na maji kwa njia gani? Msipolijua hilo, mnaweza kununua kifaa kizuri kabisa na kisiwasaidie.

Tazameni hapa mezani. Nimeweka glasi nne. Ya kwanza ni maji safi niliyotia kijiko cha chumvi nikakoroga. Ya pili ni maji ya bwawa, mnaona yalivyo na tope. Ya tatu ni maji safi niliyotia matone machache ya maziwa. Ya nne ni maji ya kisima cha kikundi nilichokitaja, yalichotwa leo asubuhi. Naomba mtu yeyote asiziguse mpaka nimalize. Na watoto wasisogee karibu, tafadhali.

Sasa, mchanganyiko ni nini? Ni vitu viwili au zaidi vimewekwa pamoja na kila kimoja kimebaki na tabia yake. Githeri ni mchanganyiko. Hindi ni hindi, haragwe ni haragwe, na ukiwa na subira utavitenganisha kwa vidole. Mchele wenye mchanga ni mchanganyiko, mtautenga kwa kupepeta na kuchagua. Hayo akina mama wanayajua kuliko mimi, sitakaa hapo. Taabu inaanza pale kitu kinapoingia majini.

Chukua glasi ya kwanza. Chumvi imekwenda wapi? Huioni. Watu wengi husema imeyeyuka, na si kosa katika mazungumzo, lakini shuleni tunatofautisha. Mafuta ya kupikia yaliyoganda yakiwekwa motoni yanayeyuka, yaani yanageuka kutoka kitu kigumu kuwa kiowevu kwa sababu ya joto. Chumvi ndani ya maji inamumunyika. Imegawanyika vipande vidogo mno hata darubini ya shule haiwezi kuvionyesha, navyo vimeenea kila mahali sawasawa. Onja juu, onja katikati, onja chini, ni chumvi ile ile. Iache wiki nzima ukiwa umeifunika, haitashuka chini. Ipitishe kwenye kitambaa, kwenye mchanga, hata kwenye karatasi ya kuchujia ya maabara, itapita yote. Mchanganyiko wa namna hii unaitwa mmumunyo.

Chai mliyonipa, sukari yake ni mmumunyo. Majani yake si mmumunyo, ndiyo maana kuna chujio la chai. Mnaona? Kikombe kimoja, michanganyiko miwili, na kila mama anajua ni kipi chujio kitakamata na ni kipi hakitakamata. Hakuna aliyewahi kujaribu kutoa sukari kwenye chai kwa chujio.

Glasi ya pili. Nilipoianza kuimwaga ilikuwa ya rangi moja. Tazameni sasa, chini kumeanza kuwa na tabaka. Chembe za udongo na mchanga ni kubwa na nzito, maji yakitulia zinazama zenyewe. Mchanganyiko huu unatuama, na yale yanayobaki chini tunaita mashapo. Huu unachujika. Huu ndio mchanganyiko ambao chujio la mchanga lilitengenezewa.

Hapa niwaombe radhi nitoke kidogo kwenye maji, maana mchanganyiko huu unaotuama umetutia hasara nyingi tukidhani ni mmumunyo.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana na shamba la nyanya, nilinunua dawa ya ukungu ya unga. Nikaitia kwenye pampu ya mgongoni ya lita 20, nikakoroga vizuri kwa kijiti, nikaanza kunyunyiza. Katikati nikakutana na jirani, tukasimama kuongea habari za mazishi ya mzee mmoja. Tuliongea sana. Niliporudi kazini nikaendelea tu. Siku chache baadaye mistari ya katikati ilikuwa na ukungu kama kawaida, na mistari miwili ya mwisho majani yameungua. Nikamlaumu mwenye duka, nikasema ameniuzia dawa mbaya. Dawa haikuwa mbaya. Unga ule haumumunyiki, unaelea tu kwa muda. Tulipokuwa tunaongea ulizama chini ya pampu. Mimea ya katikati ikapata maji karibu matupu, ya mwisho ikapata uji wa dawa. Nilimwomba yule mwenye duka msamaha, lakini ilichukua mwaka mzima.

Siku hizi pakiti zina herufi. Ukiona WP ujue ni unga unaoelea majini: uanze kwa kuukoroga na maji kidogo kwenye chombo kidogo mpaka uwe kama uji mwepesi, ndipo umimine kwenye pampu, na uitikise pampu kila mara unapofanya kazi. Ukiona SL, hiyo inamumunyika kabisa. EC ni dawa iliyo ndani ya mafuta, ukiitia majini inageuka nyeupe kama maziwa, na hiyo tutaifikia.

Ni hivyo hivyo kwenye josho la ng'ombe. Dawa nyingine za kupe zinatuama chini ya dipu wakati haitumiki. Ndiyo maana wale wa kwanza, ng'ombe kumi hivi, wanapita wakikoroga, halafu wanarudishwa kuogeshwa tena. Nimewaona watu wakikataa kuwarudisha ng'ombe wao, wanasema mhudumu anawapotezea wakati. Ndugu yangu, ng'ombe wako alipita kwenye maji.

Na hili la tatu ni la watoto wetu, nisikilizeni. Dawa nyingi za watoto za kuua vijidudu zinakuja kama unga ndani ya chupa. Unaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama, unatikisa. Imeandikwa tikisa kabla ya kutumia. Kwa nini? Kwa sababu inatuama kama glasi hii ya pili. Mama asipotikisa, siku za kwanza, wakati mtoto ana homa kali, anapata dawa hafifu. Siku za mwisho, akiwa amepata nafuu, anapewa ile nzito ya chini. Kijiko ni kile kile, chupa ni ile ile, lakini dawa si ile ile. Basi tikiseni kila mara, hata kama mtoto analia na mmechoka.

Lakini yale maji ya chumvi na sukari tunayompa mtoto anayeharisha, yeye ni mmumunyo. Vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, katika lita moja ya maji safi. Ukishakoroga mpaka vyote vimepotea, kila tone ni sawa na jingine. Huhitaji kutikisa tena. Hatari yake iko mahali pengine: kwa kuwa chumvi haionekani, macho hayatakuambia kama umezidisha. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Kwa hiyo pima kwa kijiko, usipime kwa kiganja, na uonje kwanza. Yasizidi machozi kwa chumvi. Yakipita siku moja mwaga, tengeneza mengine.

Haya, turudi mezani. Glasi ya tatu, yenye matone ya maziwa. Je, inatuama? Hapana, iko vile vile. Je, ni mmumunyo? Inaonekana kama ndiyo, maana imeenea sawasawa. Lakini si angavu, ina ukungu. Naomba kijana mmoja afunge dirisha, na tochi.

Namulika glasi ya kwanza kutoka ubavuni. Mnaiona njia ya mwanga ndani ya maji? Haionekani, mwanga umepita tu. Sasa namulika ya tatu. (Watu: "Aaa!") Mnaona mstari wa mwanga unavyosimama ndani ya glasi kama fimbo? Mmeuona mara nyingi nyumbani. Tundu la msumari kwenye mabati, jua la asubuhi linaingia, mnaona mstari wa vumbi na moshi. Chembe zilizo ndani ni ndogo mno hata hazizami, lakini ni kubwa kuliko zile za mmumunyo, kwa hiyo zinautawanya mwanga. Mchanganyiko huu unaitwa koloidi. Jina hilo lilitolewa na Mskoti mmoja, Thomas Graham, mwaka 1861, kutokana na neno la Kigiriki la gundi. Na jambo hili la mwanga linaitwa kwa jina la John Tyndall, mtu wa Ireland.

Maziwa, ukungu wa asubuhi, moshi, gundi, rangi ya ukuta, ile dawa ya EC inapokuwa nyeupe, yote yako katika ukoo huu. Nisiwadanganye, mipaka yake si kama ua la nyumba. Maziwa mabichi ukiyaacha usiku, mafuta yanapanda juu, mnapata malai. Ndiyo maana pale kwenye kituo cha maziwa ni lazima kopo likorogwe kabla ya kupimwa. Maziwa mazuri laktomita inasoma kati ya 26 na 32 yakiwa na joto la nyuzi 20. Mpimaji akichota juu tu bila kukoroga anachota mafuta, na mafuta ni mepesi, basi anaweza kumshika mtu mwaminifu kwamba ametia maji. Wanachama mna haki ya kusema, "Koroga kwanza."

Maji pia yanaweza kuwa koloidi. Nendeni Ziwa Baringo. Maji yake ni ya rangi ya kahawia mwaka hadi mwaka, kwa sababu udongo unaoletwa na mito ni laini mno na hautaki kuzama. Udongo wa namna hiyo ukiuweka kwenye debe usiku kucha, asubuhi unaukuta bado unaelea, na kitambaa hakiushiki. Dawa yake ni kuzifanya zile chembe zishikane ziwe kubwa, ndipo zizame. Shabu inafanya kazi hiyo. Mbegu za mlonge zilizotwangwa pia zinaifanya. Unatia, unakoroga haraka kidogo, halafu polepole, unaacha yatulie saa moja au mbili, na utaona kama pamba inashuka. Mungu ameliweka jambo hili hata baharini. Waliofika Malindi wakati wa mvua wameona Mto Sabaki ukiipaka bahari rangi nyekundu. Udongo ule ukikutana na chumvi ya bahari unashikana na kuanza kuzama.

Lakini shabu inaondoa tope, haiui vijidudu vyote. Bado mtachemsha au mtatia klorini. Na klorini itieni baada ya maji kuwa maangavu, kwa maana tope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu.

Sasa fungueni dirisha. Glasi ya nne.

Ni nzuri, sivyo? Angavu kama kioo. Tochi inapita bila mstari. Hakuna mashapo. Ukiweka kando ya glasi ya kwanza, nani atajua ni ipi? Hapo ndipo penye neno. Maji haya si koloidi, na si ya kutuama. Lakini je, hayana kitu? Jana jioni, nyumbani kwangu, nilichukua maji ya kisima hicho hicho, nikayachemsha kwenye sufuria safi mpaka yakakauka kabisa. Sufuria hii hapa, ipitisheni. Mnaona ule utando mweupe? Ulikuwa ndani ya maji, umemumunyika. Utando huo peke yake si ubaya, maji mengi ya ardhini yana madini. Swali ni madini gani.

Katika nchi yetu hii ya Bonde la Ufa, miamba ilitoka kwenye volkano, na maji yanayokaa ndani yake yanamumunyisha floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Viko visima vya sehemu zetu vinavyozidi hapo mara kadhaa. Matokeo mnayajua, mko nayo nyumbani: meno yenye madoa ya kahawia. Nimefundisha watoto wasiotaka kucheka bila kuweka mkono mdomoni. Wengine wameambiwa hawapigi mswaki. Si uchafu, ni maji. Jino linaharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, miaka ile ya kwanza minane hivi, na likishatoka na madoa, kubadilisha maji hakuyaondoi. Ila mdogo wake aliye mgongoni, huyo bado mnaweza kumwokoa. Na floraidi ikiwa nyingi sana, kwa miaka mingi, inafika kwenye mifupa, mtu anakuwa mgumu mgongo na viungo.

Basi tuulize vile tulivyouliza juu ya chai. Floraidi ni sukari au ni majani? Ni sukari. Imemumunyika. Chujio la mchanga litaipitisha yote. Shabu kidogo ile ya kuondoa tope haitatosha kuiondoa. Klorini haiigusi. Na kuchemsha, sikilizeni vizuri, kunaizidisha. Mkichemsha lita 10 zikabaki 9, mvuke umekwenda zake lakini floraidi ya lita 10 yote imebaki ndani ya hizo 9. Simaanishi msichemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu na vijidudu vinaua watoto haraka kuliko floraidi. Ninachosema ni kwamba hizo ni shida mbili, na kila moja ina dawa yake.

Mzee mmoja hapa mbele anauliza, kwa hiyo chujio la mchanga ni bure? La, mzee. Kwa maji ya bwawa na ya mto ni kitu kizuri sana. Likitunzwa lisikauke linashika tope na vijidudu vingi, kwa sababu vijidudu ni chembe, havijamumunyika. Wale wenzetu wanaochota bwawani, nawaambia lijengeni hata kesho. Lakini kwa kisima hiki kisicho na tope, mtakuwa mnachuja chai kutafuta sukari.

Ziko njia mbili ninazozijua zinazofaa kijijini. Moja ni makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa moto mkali wenye hewa kidogo, inasagwa chenga chenga, na maji yanapitishwa humo. Madini ya mfupa yanaivuta floraidi na kuishika, jambo ambalo mchanga hauwezi. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi hii miaka ya 1990. Msijaribu kuchoma mifupa wenyewe uani, ikichomwa vibaya maji yatanuka na kuwa na ladha mbaya, na hakuna atakayeyanywa. Tena makaa hayo yanachoka. Yakishajaa floraidi hayashiki tena, na maji yatatoka angavu vile vile kama mwanzo, kwa hiyo lazima yapimwe na kubadilishwa. Kikundi kiweke pesa ya kubadilisha tangu siku ya kwanza.

Njia ya pili ni mvua. Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati safi karibu hayana floraidi. Kama pesa hazitoshi tangi la kila nyumba, maji ya mvua yawe ya kunywa na kupika kwa watoto wadogo na akina mama wajawazito, na ya kisima yawe ya kufua na kuosha. Mvua ya kwanza inayoosha paa imwageni.

Mama mmoja ameniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na kama kisima chetu hakina floraidi nyingi?" Swali zuri kuliko yote. Mimi sijui kama glasi hii ya nne ni mbaya. Utando wa sufuria hauniambii, tochi hainiambii, ulimi hauniambii. Visima viwili vinaweza kuwa karibu na vikatofautiana. Lazima ipelekwe maabara ya maji, na gharama ya kupima ni ndogo ukiilinganisha na ya mapipa na kokoto.

Kwa hiyo, mweka hazina, pesa zile usizitoe wiki hii. Chukueni chupa ya plastiki, si ya kioo. Isuuzeni mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, msitumie sabuni. Pampu iendeshwe dakika chache kwanza ndipo mjaze, mfunge vizuri. Juu ya chupa mwandike jina la kisima, kijiji na tarehe, kwa wino usiofutika. Nani anakwenda mjini siku ya soko?